Alamu ya wezi, paka wawili na mbwa ndani ya nyumba moja Bwiru

Kama una mbwa tu, nunua. Kama una paka, nunua sensa (vihisi vya alamu) za milango na madirisha, na zile za kusoma mwendo waachie dukani. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na aliyekuja kutafuta hilo tu anaweza kuishia hapa. Wengine tuendelee, maana hizi alamu zina mambo ambayo muuzaji hakwambii, na karatasi iliyomo kwenye boksi imeandikwa kana kwamba hawataki isomwe.

Nashona sare za shule nyumbani. Chumba cha nyuma kimejaa majora ya vitambaa, cherehani tatu, na ovaloki moja ambayo ndiyo iliyonilipia ada za watoto. Dirisha la chumba hicho linatazama mwamba. Anayeijua Bwiru yetu ya Mwanza anaelewa namaanisha nini: majabali yameinama juu ya mabati, na mtu mwenye nia mbaya hahitaji kuruka ukuta, anashuka tu kutoka juu. Fensi ya umeme upande ule haifungiki, labda uanze kwa kulipasua jabali ambalo ni kubwa kuliko nyumba. Nikaona niende na alamu ya ndani.

Ndani sasa ndiko kwenye mtihani. Kuna Sangara, paka dume wa rangi ya majivu, aliyepimwa kwenye mizani ya dagaa ya jirani akatoa kilo tano na ushee. Kuna Furu, mweusi, mdogo, asiyetulia. Hawa wako kazini. Panya akilala usiku mmoja ndani ya jora la kaki, mita nzima unaitupa. Halafu kuna Bobi, mbwa wa kilo kama kumi na nane, naye analala ndani. Najua wapo watakaocheka, mbwa wa ndani Mwanza hii? Wacheke. Mtaani kwetu mbwa wa nje hutupiwa nyama yenye sumu kwanza, wezi ndio wanafuata. Mbwa niliyekuwa naye kabla ya Bobi alikwenda hivyo. Na jioni kuku wa kienyeji wanaingia stoo, kwa hiyo ukihesabu wenye damu moto humu ndani, mimi ni wa wachache.

Boksi nililinunua duka la vifaa vya umeme mjini, mtaa wa Rufiji, TSh 265,000. Ndani yake: paneli yenye nafasi ya laini ya simu, sensa mbili za mwendo, sensa mbili za mlango, king'ora cha waya na rimoti mbili. Fundi alichukua 40,000. Sensa ya mlango ya ziada ni 18,000. Ada ya mwezi hakuna. Jina lililoandikwa juu ya boksi silitaji kwa sababu halisaidii. Niliona kifaa hichohicho duka la tatu kutoka pale kikiwa na jina jingine na picha ileile ya familia inayotabasamu.

Sensa za mwendo ziliandikwa kwamba hazimsomi mnyama hadi kilo 25. Muuzaji akaniambia, "Mama, una paka? Paka si ni kilo nne? Umemaliza." Ukilisikia hivyo linaingia akilini. Ila sensa haina mizani.

Ndani yake kuna kipande kidogo kinachohisi mionzi ya joto, ile ambayo kila mwili wenye joto huitoa bila macho yetu kuiona. Kipande hicho kimegawanywa nusu mbili. Mbele yake ile plastiki nyeupe yenye mistari ndiyo lenzi, na kazi yake ni kukigawa chumba katika njia nyingi nyembamba, mfano wa vidole vilivyotandazwa kutoka pembeni mwa dari hadi sakafuni. Joto likitoka kidole kimoja likaingia kingine, nusu moja inalihisi kabla ya nyingine, umeme ndani yake unayumba kidogo, na hapo alamu inapiga. Kitu kilichotulia hakisomi, hata kiwe cha moto namna gani. Pasi ya mkaa ukiiacha mezani imewaka, sensa haina habari nayo.

Sensa ya nyumba yenye mnyama imepunguziwa vidole vya chini. Mtu aliyesimama anakata vya juu na vya chini kwa wakati mmoja. Mbwa anayetembea sakafuni anakata vya chini tu, na sensa inampuuza. Hizo kilo 25, basi, ni makadirio ya ukubwa wa mbwa akiwa ametulia chini, miguu minne sakafuni. Paka wa kilo tano aliyeruka juu ya kabati, mbele kabisa ya lenzi, kwa sensa huyo ni mtu, tena mtu mnene.

Fundi tuliyepewa na duka alikuwa kijana mwepesi, mpole, na aliharibu. Sensa ilikuja na kibano cha kuigeuzageuza, naye akaiinamisha itazame chini, "ili ione vizuri, mama." Usiku ule Bobi akaenda kunywa maji, nyumba nzima ikaamka. Akarudi kulala, tukaamka tena. Asubuhi nikakaa na ile karatasi, miwani na kikombe cha chai, nikatafuta mstari mmoja uliojificha ukurasa wa mwisho: sensa ya aina hii ifungwe wima, ukutani, mita mbili na kidogo kutoka sakafuni, isiinamishwe. Ukiiinamisha, vile vidole vya juu vinashuka hadi kwa mbwa, na ule ujanja wote uliolipia unakufa. Kijana alirudi akainyoosha, hakudai hela, nampa haki yake.

Baada ya hapo Bobi alitoweka machoni mwa sensa. Anatembea, anajikuna, anazunguka meza akimfukuza Furu, kimya. Hapo muuzaji alisema kweli. Tatizo lilibaki moja tu, kochi lililokuwa chini ya dirisha. Bobi anapenda kusimama juu ya mgongo wake achungulie barabarani, na akifika pale kichwa kinaingia kwenye vidole vya juu. Kochi likahamia ukuta wa pili. Wenye mbwa wanaopanda fanicha, au nyumba ya ngazi, pangeni vitu vyenu kabla hamjalaumu alamu. Ngazi hasa ni mbaya, kwa sababu mbwa aliye juu ya ngazi amekuwa mrefu bila kuongezeka kilo.

Ukitaka kujaribu, jua jambo hili: sensa zisizo na waya hulala. Ikishasoma mwendo mara moja hunyamaza kwa dakika kadhaa ili isimalize betri. Ukipita tena ukaona hailii usikimbilie kusema ni mbovu. Kaa nje ya chumba, subiri, ndipo upite. Ndani yake pia kuna jampa ndogo ya kuchagua isome mara ngapi kabla haijapiga. Ikiwa kwenye moja inashtuka kwa kila kitu. Kwenye mbili au tatu inataka mwendo urudiwe kwanza. Yangu iko kwenye tatu. Imesaidia kwa mapazia. Kwa Sangara haikusaidia.

Sangara sasa.

Nilikuwa Sengerema kupeleka sare. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hiyo safari naimaliza siku moja; zamani ulikuwa unaweza kukaa Kigongo unasubiri kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yakuchoshe. Nimekaa ofisini kwa mwalimu mkuu tunahesabu sketi, simu ikaita, namba ya alamu yangu mwenyewe. Ujumbe ukafuata: eneo la pili. Sebule. Nikampigia mzee jirani, mvuvi mstaafu, ambaye nilimpa funguo za geti.

"Shikamoo babu, samahani, alamu…"

"Marahaba mayu. Nimeisikia. Nimeshashika panga."

Nikamsikia anatembea, anahema, anazunguka nyumba. Nondo nzima, kufuli nzima, dirisha la nyuma zima. Nikamwambia achungulie sebuleni kupitia pale pazia lisipofika. Kimya kikawa kirefu, mwalimu mkuu naye ameacha kuhesabu.

"Mayu, mwizi nimemwona."

"Yesu wangu. Wako wangapi?"

"Mmoja. Yuko juu ya kabati la vyombo. Ana mkia."

Tulicheka siku ile. Kabati hilo liko kona moja na sensa, na juu yake ndiko jua la mchana linakofika. Nikaweka madebe matupu juu ya kabati ili asipate pa kulala. Akahamia juu ya friji. Nikazuia friji, akagundua fimbo ya pazia, kitu ambacho sikujua paka wa kilo tano anaweza kukimudu. Mwezi uleule, alamu ilipolia nikiwa Kirumba sokoni, babu aliniambia tu, "Mwambie Sangara namsalimu," akakata simu.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niache mchezo wa kuhamisha fanicha. Huku kwetu Usukumani na Unyamwezini ndiko sungusungu walikoanzia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ulinzi wenyewe ulisimama juu ya mwano: mtu akipiga yowe, kila anayesikia anatoka. Watu walitoka kwa sababu hakuna aliyepiga mwano kwa mchezo. King'ora kikishalia kwa ajili ya paka mara nyingi, kimekuwa kelele ya mtaa, sawa na spika ya baa. Siku mwizi anaingia kweli, majirani watageukia upande wa pili. Kwa nyumba zetu ambazo hazina kampuni ya ulinzi inayokuja na gari, jirani ndiye alamu, hicho cha plastiki kinamwita tu. Ukimchosha jirani, boksi lote halina maana.

Wapo wanaoshauri ununue sensa ya aina mbili kwa pamoja, inayosoma joto na pia kutuma mawimbi ya mikrowevu, na haipigi mpaka njia zote mbili zikubaliane. Ni nzuri kwa mapazia na kwa upepo wa moto. Kwa paka anayeruka haitatui, kwa sababu paka anayeruka ana joto na anatembea. Njia zote mbili zitakubaliana vizuri sana. Wengine huifunga sensa ya kawaida chini, usawa wa kiuno, wakaigeuza juu chini ili vidole vielekee juu badala ya sakafuni. Nimeona kwa mteja wangu mmoja Nyegezi, ana vijibwa viwili vifupi, na inafanya kazi. Hana paka.

Halafu kuna mambo ya Mwanza yenyewe. Vyumba vyetu vya mabati mchana vinapata joto, na kadiri ukuta unavyokaribia joto la ngozi ya mtu, sensa inapata shida kumtofautisha mtu na ukuta. Maana yake saa tisa alasiri, nyumba isiyo na dari, inaweza kuwa nzito kumsoma mwizi, na usiku kukipoa ikawa kali kwa paka. Kinyume kabisa na unachotaka. Chumba chenye dari ya jipsamu kina nafuu.

Wadudu pia. Ziwa likitoa wale wadudu wake wadogo, siku za mwezi mwandamo, yale mawingu unayoyaona kwa mbali kama moshi juu ya maji, wanajaa kwenye kila taa, na buibui wanajua. Buibui akijenga mbele ya lenzi, ule ukaribu unamfanya aonekane jitu. Futa sensa kwa kitambaa kikavu kila mwezi unapoandama, na ziba matundu ya nyuma zinapopita skrubu, maana wadudu huingia hadi ndani ya kifuniko.

Za nje msinunue kabisa kama mnaishi mawe. Nilijaribu moja ya kufunga nje upande wa mwamba. Mijusi wetu hawa, madume ya kichwa chekundu na mwili wa buluu, wanaota jua juu ya jabali mpaka wanakuwa na joto kama sisi, halafu wanakimbizana ukutani mbele ya sensa. Jioni wanawapisha pimbi. Nikairudisha dukani, wakanibadilishia kwa sensa za mlango bila maneno mengi, na hilo liandikwe kwa faida yao.

Sensa za mlango ndizo zilizoniokoa, nazo ni kitu rahisi mno. Kipande kimoja kina swichi inayotii sumaku, kingine ni sumaku yenyewe. Kimoja kwenye fremu, kingine kwenye mlango, viachane chini ya sentimita mbili mlango ukiwa umefungwa. Vikiachana zaidi ya hapo, inalia. Haijali nani yuko ndani, paka wacheze, mbwa akimbie, kuku waruke. Nimeweka mlango wa mbele, wa jikoni, wa stoo, na madirisha yote ya alumini upande wa mwamba. Madirisha ya alumini ya kuteleza yanafaa sana. Ya shata za vioo hayafai, kwa sababu mwizi anachomoa kioo kimoja kimoja bila kufungua kitu. Kwa hayo, nondo kwanza.

Mlango wa mbao unaovimba masika unaweza kukusumbua. Pima pengo ukiwa umevimba na ukiwa umekauka.

Udhaifu wake ni kwamba haimsomi aliyekwisha ingia bila kufungua kitu, kwa mfano aliyeshukia darini. Ndiyo maana sensa moja ya mwendo nimeibakiza, ila si sebuleni. Iko koridoni, kati ya vyumba na chumba cha cherehani, mahali ambapo hakuna kabati, hakuna pazia, hakuna kitu cha kupanda. Hapo Sangara hana budi kutembea chini kama viumbe wengine, na akitembea chini sensa inampuuza kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Mwizi anayetaka ovaloki lazima apite hapo. Tangu ihamie koridoni haijanipigia bure.

Kwenye rimoti kuna vitufe vinne: kufuli lililofungwa, kufuli lililofunguliwa, nyumba au radi, na cha dharura. Kufuli lililofungwa linaamsha sensa zote. Kile cha nyumba kinaamsha za milango tu na kuziacha za mwendo zimelala, kwa hiyo usiku mkiwa ndani mnabonyeza hicho na kila mtu anakwenda chooni kwa amani, mbwa akiwemo. Muuzaji hakunieleza hili, na nadhani nusu ya watu wanaosema alamu zinasumbua wanabonyeza kufuli usiku.

King'ora. Cha kwangu kimeandikwa desibeli 110, na mwanzoni kilifungwa sebuleni. Sikio la mbwa na la paka linasikia sauti za juu ambazo letu halizifikii kabisa, na kelele inayotukera sisi inawatesa wao. Furu alijificha nyuma ya majora mpaka kesho yake, hakula. Nimekihamishia nje chini ya upenu, juu pasipofikika kwa mkono, na king'ora kidogo kilichomo kwenye paneli nimekizima. Nje ndiko kunakohitaji kusikia.

Umeme ukikatika, paneli ina betri yake na inanitumia ujumbe kwamba umeme umekwenda. Hapo ndipo ninapopendekeza yenye laini ya simu kuliko ile ya kutegemea intaneti ya nyumbani pekee, kwa sababu giza likiingia, ruta nayo inazima. Laini isajiliwe kwa alama za vidole kama laini nyingine yoyote, na iwe na salio. Alamu isiyo na vocha italia nyumbani lakini haitakupigia. Namba nimeweka tatu: yangu, ya mwanangu aliye Nyakato, na ya babu. Babu niliiondoa wakati wa vituko vya kabati, nikairudisha baada ya kumpelekea sato mkubwa na maelezo.

Nyota nikipewa tano, boksi zima nalipatia tatu. Kwa nyumba ya mbwa pekee, fanicha zikipangwa na sensa ikisimamishwa wima, ningetoa nne na nusu. Kwa nyumba ya paka ni mbili, na hizo mbili ni za sensa za mlango.

Sensa ya pili ya mwendo ipo kwenye droo ya nyuzi, nzima, na kibano chake sijakirudishia. Mwenye mbwa asiyepanda makochi aje aichukue kwa elfu ishirini, betri aje nayo.